Neno la Mama kwa Mkwewe

Mama yangu hakuweza kupita baiskeli iliyoegeshwa bila kuigusa cheni. Aliinama kidogo, akaiinua cheni kwa kidole kimoja kutoka chini, akaiachia irudi mahali pake, kisha akaendelea na njia yake kama mtu aliyemsalimia jirani. Alifanya hivyo nje ya kanisa. Alifanya hivyo matangani. Siku ya harusi yangu alifanya hivyo akiwa na gauni jipya la zambarau, mbele ya wakwe waliosafiri siku nzima kuja kumwona, kisha akakipangusa kidole kwenye upindo wa leso na kutikisa kichwa. Baiskeli ya nani sijui, ila cheni yake ilikuwa imelegea.

Nilikuwa nikiona haya. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na nilitaka mama wa kukaa kitini akapewa soda.

Jina lake lilikuwa Kafedha. Alizaliwa upande wa Kaloleni na kuolewa Utange, enzi ambazo Utange ilikuwa mashamba na miti ya mikanju, kabla nyumba za kupangisha hazijajazana hadi mlangoni pa watu. Baba yangu, Gershom Kiponda, alibeba madafu kwa baiskeli hadi Kongowea. Baiskeli yenyewe ilikuwa blakmamba, ile nyeusi ya chuma, nzito, na kwa ajili ya mzigo na mchanga cheni yake ilikatika kila baada ya wiki chache. Baba alikuwa na nguvu nyingi na subira kidogo. Alipiga pini ya cheni kwa hasira mpaka ikapinda, akaitupa, akaenda kuazima. Siku moja, kabla mimi sijazaliwa, alirudi kutoka kuazima akakuta cheni imeungwa na baiskeli imesimama ukutani. Mama alikuwa ameiunga kwa msumari, jiwe na kipande cha chuma, huku maharagwe yakichemka.

Hawakulizungumza sana. Tangu siku hiyo cheni ikawa kazi yake.

Kisha majirani wakaanza kuleta zao. Walimletea Baba, bila shaka. Baba aliipokea baiskeli, akaisukuma hadi nyuma ya jikoni, akaiacha kwa Mama, akarudi barazani kuzungumza na mwenye baiskeli. Baada ya muda alikwenda nyuma, akairudisha. Watu wakasema Gershom ana mkono. Baba hakudanganya, maana hakuna aliyemuuliza, na Mama mwenyewe hakutaka itajwe. Alisema mwanamke akijulikana kwa grisi, watu watataka kujua mumewe anajulikana kwa nini.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mafundi wengine wote niliowaona huigeuza baiskeli miguu juu, ikakaa kwa tandiko na usukani. Mama hakuigeuza. Aliifunga kamba chini ya tandiko, akaitundika kwenye boriti ya jikoni, gurudumu la nyuma likaning'inia shubiri moja kutoka chini. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akaniambia baiskeli haisafiri miguu juu, basi ya nini kuitazama miguu juu.

Nilidhani ni maneno tu. Lakini alikuwa na sababu, na ni lazima niieleze. Cheni ya baiskeli huungwa mahali pamoja kwa klipu ndogo ya chuma, yenye umbo la samaki: kichwa upande mmoja, mkia uliopasuka upande wa pili. Kichwa lazima kitangulie kule cheni inakoelekea. Mkia ukitangulia, kila kinachogusa cheni kinausukuma, kidogo kidogo, mpaka klipu inachomoka. Sasa, baiskeli ikiwa imesimama, cheni ya juu ndiyo inayokwenda mbele. Ukiigeuza miguu juu, cheni unayoiona juu ni ile ya chini, ile inayorudi nyuma. Mtu mwenye haraka hukielekeza kichwa cha samaki mbele ya baiskeli, akaridhika, kumbe amekiweka kinyume cha mwendo. Mama aliwahi kuyaona makosa hayo mara nyingi kwenye baiskeli zilizopita kwanza kwa mafundi wa barabarani.

Alipokuwa na la kumwonya mwenye baiskeli, alimtuma Baba. Mwambie apunguze mzigo. Mwambie asiipake mafuta ya nazi, yanashika mchanga. Baba aliyafikisha maneno yote kama alivyopewa, hata yale yaliyomfanya aonekane mkali. Mtu mmoja aliwahi kumwambia kwamba barazani ni mpole lakini kwenye cheni ana ulimi wa mama mkwe. Baba alicheka mpaka akakohoa. Jambo hilo nilikuwa nikilisimulia kama kichekesho. Siku hizi nikilikumbuka naona tu kwamba alikuwa mjumbe mwaminifu.

Baba alipofariki, watu walioleta pole walisikitika pia kwamba hawatapata tena fundi kama yeye. Mama aliinamisha kichwa. Mwezi mmoja baadaye jirani yetu Kaingu alikuja kuuliza kama marehemu aliacha vifaa vya kuuza. Mama akamwambia ailete baiskeli. Kaingu aliipata siku hiyo hiyo, akaipanda, akazunguka nayo uwanja mzima, akasema, "Mama, marehemu alikufunza vizuri."

"Mungu amlaze pema," Mama akajibu.

Hivyo ndivyo alivyojulikana miaka iliyofuata: mjane aliyefunzwa cheni na mumewe.

Mimi niliolewa na Chrispine, mtu wa bara, kutoka Butula, tukapanga Mikindani karibu na shule niliyokuwa nikifundisha. Kwetu, mama hasemi na mkwewe wa kiume uso kwa uso. Hampi mkono, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kwao Chrispine ni vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Vijana wa kanisani walikuwa wameanza kulegeza, wengine wakikumbatiana na wakwe zao hadharani, lakini Mama alisema yeye hana haraka ya kumkumbatia mwanamume wa mtu.

Walizungumza kupitia kwangu, na walizungumza sana. Mama angeniambia nimwambie Baba Phoebe, ndivyo alivyomwita kwa jina la binti yetu, kwamba kwao hakuna nazi, ndiyo maana huku ananenepa. Yeye angekuwa chumba cha pili akisikia kila neno, na bado angengoja niyarudie. Kisha angejibu kwamba nimwambie mama nazi hazina kosa, kosa ni la aliyemfunza binti yake kupika. Mama aliziba mdomo kwa leso, mabega yakatikisika. Nilichoka kurudia maneno ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia. Sikuelewa kwamba walikuwa wakipendana, na kwamba mlango wao ulikuwa mimi.

Kuna wakati Chrispine alikaa karibu mwaka mzima bila kazi. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipunguza watu, na kila asubuhi alivaa shati, akatoka, akarudi saa sita na shati lile lile. Alikonda. Alianza kunisemesha kama mgeni. Hatimaye akapata nafasi kiwanda kimoja cha Changamwe, aanze Jumatatu, na nduguye aliyekuwa akirudi bara akamwachia baiskeli ya kwendea kazini. Jumamosi cheni ikakatika akiwa bado hata hajaizoea.

Jirani yetu Lenox, fundi wa umeme aliyepanga chumba cha tatu, alimshauri aipeleke kwa fundi asije akaanza kazi kwa kuchelewa. Chrispine hakutaka.

"Mimi utanifundisha baiskeli?" akamwambia. "Nimezaliwa juu ya baiskeli. Mama alikuwa amebebwa anapelekwa zahanati, hatukufika."

"Na kitovu walikukata kwa spoku?" Lenox akauliza.

Walicheka pale uani, na mimi ndani nikacheka pia, maana nilikuwa sijamsikia mume wangu akicheka kwa miezi.

Jumapili Mama alikuja kututembelea na mihogo na mabungo. Baada ya kanisa Chrispine alivua shati, akaigeuza baiskeli miguu juu pale uani, akaanza. Mama alikaa ndani karibu na dirisha, kama ilivyompasa. Mimi nilikuwa jikoni na wali. Nilimsikia Chrispine akiimba. Kisha nikasikia gurudumu likizunguka, tiki tiki tiki, na Lenox akimpigia makofi, na Chrispine akienda bombani kunawa mikono kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Mama akaja jikoni. Alisimama karibu nami sana na kusema chini chini.

"Mama Phoebe, mwambie Baba Phoebe ageuze ile klipu. Samaki ametanguliza mkia. Itamshika siku moja mbili, lakini akipanda mlima na kukaza miguu itafunguka."

Nikasema nitamwambia.

"Mwambie kwa upole," akasema. "Mtu anaanza kazi mpya. Usimwambie ni mimi, kama unaona itamchoma. Mwambie tu."

Alikuwa amenipa hata njia ya kusema. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka nilikuwa nikiwaza nini, na sitaki kujipamba. Nilimtazama mume wangu kupitia mlango, akiwa amejikausha mikono, akimweleza Lenox jinsi cheni inavyopigwa pini, na nikaona nisimharibie furaha ile. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba nilimtazama mama yangu, kucha zake zilizoingia weusi usiotoka, na nikachoka. Nikasema moyoni, hata leo, hata kwangu, lazima kuwe na cheni. Nilidhani ni mazoea yake tu ya kuona kasoro katika kila baiskeli ya dunia. Wali uliiva, tukala, yeye na mimi chumbani, Chrispine na Lenox uani. Jioni nikamsindikiza Mama stendi. Sikumwambia Chrispine kitu. Nilipanga nitasema kesho akirudi.

Chrispine alianguka kesho yake asubuhi, kwenye mwinuko kabla ya Magongo. Alikuwa amesimama juu ya pedali akikaza, cheni ikafunguka, mguu ukapiga hewa. Goti la kushoto lilipiga ukingo wa barabara. Dereva wa trela nyuma yake alishika breki kwa wakati, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Lenox ndiye aliyeirudisha baiskeli nyumbani. Cheni ilikuwa imelala wazi kama mshipi, na klipu haikuwapo. Huenda ingekatika hata hivyo. Ilikuwa cheni ya zamani. Hilo nimejiambia mara nyingi.

Mama alifika hospitali mchana, na vumbi la Utange bado miguuni. Hakuingia wodini. Alinikuta kwenye ujia, akaniuliza hali, nikamweleza goti limevunjika vipande na atapasuliwa. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu asubuhi.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Mama."

"Akasemaje?"

Ningeweza kusema hakujibu. Ningeweza kusema alisahau. Lakini lilinijia lile neno la Jumamosi, lililokuwa likinizunguka kichwani, nikalishika kama mtu anayezama anavyoshika chochote.

"Alisema yeye amezaliwa juu ya baiskeli."

Mama alinitazama. Alikunja leso yake mara mbili, akaikunjua.

"Basi," akasema. "Hakuna neno."

Alikaa nami hadi saa kumi, akaniletea chai, akanishika mkono daktari alipokuja. Kisha akaondoka, na hakukanyaga tena nyumba yangu ya Mikindani kwa miaka sita.

Hakugombana na mtu. Alituma mihogo, alituma mchicha, alimtumia Phoebe kanga. Chrispine alipotoka hospitali alituma kuku wa supu. Lakini mizaha ilikwisha. Tulipokwenda Utange, Chrispine akiwa na fimbo yake, Mama aliitika salamu kutoka jikoni, neno moja, kama anavyoitikiwa mpita njia. Chrispine angenituma nimwambie mama kwamba mihogo yake imemponya mguu kuliko dawa. Nilimfikishia. "Mwambie ahsante," Mama alisema, na akaendelea kupepeta mchele.

Nafasi ya Changamwe alipewa mtu mwingine. Tulifungua kibanda cha sabuni na sukari karibu na lango, na huko ndiko Chrispine anakokaa hadi leo. Siku moja, tukirudi kutoka Utange, aliniambia asichukuliwe kama mtoto. Anajua kwa nini mama amembadilikia.

"Ananiona sifai," alisema. "Binti yake amebaki na mwanamume wa mguu mmoja. Mimi simlaumu."

Nilisema si hivyo. Aliniuliza kama si hivyo ni vipi, na mimi nikatazama nje.

Nilikuwa nimebeba neno moja tu la kusema, na lingewafaa wote wawili. Mama alikuwa anaamini kwamba mkwewe aliyempenda alilidharau onyo lake kwa majivuno, akalipa kwa goti. Chrispine alikuwa anaamini kwamba mkwewe anamdharau kwa ulemavu. Kila mmoja alikuwa na aibu juu ya mwenzake, na mila ikawasaidia kutotazamana. Mimi nikafundisha, nikasahihisha madaftari, nikaomba kanisani. Kila likizo niliapa nitasema, na kila likizo nilisubiri wakati mzuri, kana kwamba neno kama hilo lina wakati wake mzuri.

Kuna jambo nililigundua nimechelewa. Kaingu aliniambia kwamba Mama hapokei tena baiskeli. Alimwambia macho yamekwisha. Nilikwenda nikamkuta akitunga uzi kwenye sindano, akaupitisha mara ya kwanza. Nilimuuliza mbona amewaacha watu, akasema watu wana mafundi wao. Kamba ilikuwa imeondolewa kwenye boriti. Mtu aliyekaa miaka arobaini akiyatuma maneno yake kwa vinywa vya wengine alikuwa ameamua kwamba hayana uzito, na aliyemfanya aamue hivyo nilikuwa mimi.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, moyo wa Mama ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa analala akiwa ameegemea mito mitatu. Nilihamia Utange kumwuguza. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, alikuwa na nafuu. Alikula uji nusu bakuli na akauliza kama Phoebe amefaulu mtihani. Nilikuwa nikimkanda miguu. Sikujua kwamba kufikia alfajiri hatutakuwa naye. Kama ningejua, pengine ningeogopa zaidi na nisiseme.

Nilisema. Nilisema nikitazama miguu yake. Nikamwambia kwamba ile Jumapili sikumfikishia Baba Phoebe neno lake, kwamba hakuwahi kulisikia, hadi leo hajui kama lilisemwa. Nikamwambia kwamba pale hospitali nilidanganya.

Nje kuku walikuwa wakiparua. Mama akauliza, "Na lile la kuzaliwa juu ya baiskeli, alilisema nani?"

"Alilisema yeye, lakini alikuwa akimtania Lenox. Ilikuwa siku moja kabla. Hakukukusudia wewe."

"Mzaha," akasema.

"Mzaha, Mama."

Akafumba macho. Nilifikiri analia, lakini mabega yake yalitikisika kama zamani, kidogo, na pumzi ikamkatika, nikamwinua nikamnywesha maji. Alipotulia aliuliza kama ni kweli, kama mama mtu alijifungulia njiani. Nikasema ndivyo wanavyosema kwao. Akasema, "Maskini." Sijui alimhurumia nani.

Chrispine nilimweleza yote baadaye, baada ya matanga, na aliyonijibu ni yetu wawili. Ila aliniuliza Mama angemwambia nini, na hilo silijui hadi leo, kwa sababu ya jinsi alasiri ile ilivyokwisha.

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji, nikitaka kutengeneza yote kwa siku moja. Nikamwambia Mama kwamba jioni ile ile nitampigia Chrispine simu, nitamweleza kila kitu, na salamu zake zozote nitazifikisha kama alivyozisema, nisipunguze wala nisiongeze. Atamke tu.

Mama alinitazama. Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika.

"Wewe usimwambie kitu," akasema. "Mlete kesho. Nitasema naye mwenyewe."